SOMO: Kuhamisha Miche ya Mboga Kutoka Kitaluni Hadi Bustanini



Tunapotembelea vikundi vya bustani sharikani, swali linalojirudia ni hili: "Kitaluni miche ilikuwa mizuri, mbona tulipoihamisha ilikufa?" Wengi hulaumu mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Mche unapong'olewa huacha ardhini sehemu kubwa ya mizizi myembamba, ile inayofyonza maji, huku majani yakiendelea kupoteza maji kama kawaida. Kwa siku kadhaa mche hutumia maji mengi kuliko unayopata. Watu waliosikia mfano wa mpanzi (Mathayo 13) walikijua kilimo. Hawakuhitaji kufundishwa jua linaufanya nini mmea usio na mizizi ya kutosha.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mwaka mmoja tulipeleka miche ya nyanya na kabichi kwa kikundi cha akina mama. Wageni walichelewa, hotuba zikawa ndefu, na saa saba mchana tukaanza kupanda ili wageni waone na picha zipigwe. Jioni miche yote ilikuwa imelala chini, na mingi haikuinuka tena. Bibi mmoja alikataa kupanda juani. Alibeba fungu lake nyumbani, akaliweka kivulini chini ya gunia lililoloweshwa, akapanda jua lilipopoa. Huyo ndiye aliyekula nyanya. Tangu siku hiyo hatupandi mchana, hata mgeni awe nani.

Maandalizi yanaanzia kitaluni. Nyanya, kabichi na sukuma wiki huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6, mche ukiwa na majani halisi 4 hadi 6. (Karoti usihamishe kabisa, mizizi yake hupinda na kugawanyika. Ipandwe moja kwa moja bustanini.) Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo ili miche ikomae. Siku yenyewe, mwagilia kitalu vizuri saa moja au mbili kabla ya kung'oa.

Mashimo yawe tayari mapema, kila moja na viganja viwili vya samadi iliyooza, iliyochanganywa na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Nyanya zipewe sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya miche. Kabichi 60 kwa 45. Najua uwanja wa nyumbani ni mdogo na mtu hutamani kubananisha, lakini nyanya zilizobanana hazipitishi hewa na ukungu huzimaliza wakati wa mvua.

Panda kuanzia saa kumi jioni, au siku yenye mawingu. Chimbua mche pamoja na udongo wake, usiuvute. Ushike kwa jani, si kwa shina, maana jani likichanika litaota lingine, lakini shina likipondeka mche umekwisha. Nyanya unaweza kuizika zaidi ya ilivyokuwa kitaluni, kwa sababu shina lake hutoa mizizi. Kabichi usiifukie moyo wake. Shindilia udongo kwa vidole, kisha vuta jani moja taratibu: mche uking'oka, hukushindilia vya kutosha.

Mwagilia kwenye shina, tandaza nyasi kavu bila kugusa shina, na weka kivuli cha majani ya mgomba kwa siku 3 hadi 5.

Asubuhi ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi, huyo ni sota. Fukua udongo karibu na shina. Utamkuta amejikunja, mwue. Wengi humwaga majivu, lakini yakishalowa hayasaidii sana. Dawa isiyogharimu kitu ni kipande cha gome kavu la mgomba: zungushia shina wakati wa kupanda, sentimita 2 au 3 ziwe ndani ya udongo na nyingine juu.

Usigawe wala kutupa miche yote iliyobaki kitaluni. Acha michache ya kuziba mapengo ndani ya siku 7 hadi 10. Ukichelewa zaidi, mche mpya utafunikwa na wenzake na hautazaa vizuri.

Katika toleo lijalo tutaangalia kuweka mambo na kupogoa nyanya.