MBUNGE NI WAKILI: ALIYEMTUMA YU WAPI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na ali zake na masahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu zangu, neno linalosikiwa mno hivi leo katika barza zetu, tangu Lamu mpaka Vanga, ni hili: "Siasa za nchi hii hazina kheri, mimi sipigi kura tena." Asemaye hivyo si mjinga. Amewaona watu waliomwendea nyumbani kwa unyenyekevu wakati wa kuomba kura, kisha walipokwisha kuapishwa wakawa wampita kwa gari lililofungwa vioo. Ghadhabu yake ina haki. Lakini hukumu aliyoitoa kwa ghadhabu hiyo yataka kutiwa katika mizani kabla ya kukubaliwa.

Na tuanze kwa hesabu. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, walioandikishwa walikuwa kiasi cha milioni 22.1, na waliopiga kura kiasi cha milioni 14.3. Aliyetangazwa Rais alipata kura 7,176,141. Waliobaki majumbani walikuwa karibu milioni 7.8. Basi walionyamaza walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi, na tofauti baina ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211 tu. Je, kunyamaza kwao kulimzuia mtu yeyote kutawala? Hapana. Serikali iliundwa, kodi zikatozwa, na aliyekaa nyumbani akazilipa sawa na aliyesimama katika mstari. Mwenye kususa hakumuadhibu mwanasiasa, amempunguzia kazi.

Aliyesoma vitabu vyetu vya fiqhi, hata vilivyo vidogo, ameupitia mlango wa wakala. Mtu humpa mwenziwe mamlaka ya kumfanyia jambo, na mwenziwe akawa mkono wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema maneno yaliyo karibu na hayo katika Kifungu cha 1: kwamba mamlaka ni ya wananchi, nao huyatumia wenyewe au kwa njia ya wale waliowachagua. Mbunge, basi, ni wakili. Na tutazame sharuti tatu za mlango huo, tujue kosa limetoka wapi.

SHARUTI YA KWANZA: jambo alilowakilishwa mtu lazima lijulikane. Hapana amwambiaye mwenziwe, "Nimekuwakilisha," asimtajie ni kwa kuuza nyumba au kununua ng'ombe. Ama sisi, wengi wetu hatujui tumewatuma nini. Twamlaumu Mbunge kwa maji ya mfereji na takataka za mtaa, ilhali hiyo ni kazi ya serikali ya kaunti. Twamlaumu Gavana kwa polisi, ilhali polisi ni wa serikali ya taifa. Kazi ya Mbunge, kwa Kifungu cha 95, ni kutunga sheria, kugawanya fedha za taifa, na kuichunga serikali izitumie ipasavyo. Kuleta tende za Ramadhani na kuchangia matanga si kazi aliyotumwa. Lakini kwa tende twamshukuru, na kwa sheria hatumuulizi.

Mfano wake u karibu. Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipigiwa kura Bungeni: 195 wakaukubali, na 106 wakaukataa. Siku ile ile vijana waliojaa barabarani wakaingia katika majengo ya Bunge, na damu ikamwagika. Kufikia Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa katika maandamano hayo. Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule siku iliyofuata kura ile. Sasa, ewe msomaji, jiulize nafsi yako: Mbunge wako alikuwa katika wale 195, au katika wale 106, au hakuwako kabisa? Ikiwa hujui, basi wakili wako amefanya jambo kubwa kwa jina lako, nawe huna khabari.

SHARUTI YA PILI: wakili ni mwenye kuaminiwa, wala hawezi kujiuzia mwenyewe mali aliyopewa aiuze. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelikataza hilo, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwa muuzaji anayetaka bei ipande na mnunuzi anayetaka ishuke. Katiba nayo ililiona tatizo hilo, ikawaondolea Wabunge uwezo wa kujipangia mishahara, ikaupa tume maalumu kwa Kifungu cha 230. Lakini ilipotokea tume hiyo mwaka 2013 kuweka mshahara wa Mbunge kuwa shilingi 532,500 kwa mwezi, Wabunge waliipinga, na mwezi wa Mei wakapiga kura Bungeni kuutangua uamuzi wake. Mwisho wake walikubali mshahara ule, lakini wakapata na shilingi milioni 5 kila mmoja za kununulia gari. Huyo ndiye wakili anayejiuzia. Nao hawakufanya hivyo kwa siri. Walifanya mchana, kwa kuwa walijua mwenye mali hafuatilii.

SHARUTI YA TATU: mwenye mali hamwachi wakili wake pasi na hesabu. Na hapa ndipo asemaye "hapana faida" ajibiwe kwa yaliyotokea katika pwani yetu wenyewe.

Mwaka 2016 palitolewa kibali cha kujenga kiwanda kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, mji ambao UNESCO imeutia katika hazina za dunia tangu 2001. Watu wa Lamu hawakungojea kuokolewa na mwanasiasa. Walishika karatasi zao, wakalishitaki jambo lile mbele ya baraza la rufani za mazingira. Juni 26, 2019, baraza likakifuta kibali kile, na katika sababu zake ikawa kwamba wananchi hawakushauriwa kama sheria inavyotaka.

Kadhalika, ilipotolewa amri kwamba makontena ya bandari ya Mombasa yapelekwe bara kwa reli mpya, wenye malori na wafanyakazi wao waliona riziki inakatika. Wako walioandamana, na wako walioenda mahakamani. Novemba 2020, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha amri ile, kwa kuwa ilitolewa bila ya kuwashirikisha watu. Hukumu haikuleta nafuu siku ile ile. Ilikuwa mpaka Septemba 2022 ndipo Rais mpya alipotangaza kuirudisha Mombasa kazi ya kutoa mizigo. Haki ilichelewa, wala hatufichi. Lakini haikuja kwa kususa.

Huenda mtu akauliza: mwenye kuwakilisha si ana haki ya kumuuzulu wakili wake siku yoyote? Ndiyo, katika fiqhi. Na Katiba, kwa Kifungu cha 104, imewapa wapigaji kura haki ya kumrudisha Mbunge nyumbani kabla ya muda wake kwisha. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilizibatilisha sehemu za sheria zilizoeleza namna ya kufanya hivyo, na tangu Katiba hiyo ianze hapana Mbunge hata mmoja aliyeondoshwa kwa mlango huo. Mlango upo, na ufunguo hatukupewa. Hili ni lalamiko la haki, na kila anayetuomba kura yafaa aulizwe atalifanyia nini.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni letu sisi. Wakili aliyemnunua mwenye mali haogopi kuhesabiwa. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, amemlaani mtoaji rushwa pamoja na mpokeaji wake; na sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 nayo huwashika wote wawili. Watu husema, "Hizi ni pesa zetu, walituibia." Ikiwa ni zako, kwa nini akupe usiku, na kwa nini akutake kura badali yake? Fanya hesabu: shilingi 500 ukizigawanya kwa siku za miaka 5 zatoka senti 27 kwa siku. Hapana kitu dukani kwa bei hiyo. Dawa iliyokosekana hospitalini na skuli isiyokuwa na madawati ndiyo bei kamili uliyolipa.

Basi yapasa nini? Kwanza, uchaguzi ujao umewekwa Agosti 10, 2027. Asiyejiandikisha na ajiandikishe, na aliyejiandikisha asikiuze kitambulisho chake. Pili, kila mwaka, kufikia Aprili 30, makadirio ya fedha za kaunti hupelekwa katika Baraza la Kaunti, na wananchi wana haki ya kuyasema yao. Mikutano hiyo huwa na viti vitupu. Kila msikiti na kila mtaa na uchague watu watano wanaojua kusoma hesabu, waende, kisha warudi watueleze. Tatu, Kifungu cha 35 chatupa haki ya kudai khabari zilizo katika mikono ya serikali, na cha 119 haki ya kupeleka ombi Bungeni. Barua haina gharama kubwa kuliko kikombe cha kahawa tunachonywea malalamiko.

Wanasiasa wetu wengi wamefanya khiyana, wala hatuwatetei. Lakini kukata tamaa ni kuwaachia waliotuibia ufunguo wa nyumba iliyobaki. Kura ni amana, na tumeamrishwa tuzifikishe amana kwa wanaozistahiki. Ole wake mwenye mali aliyelala akamlaumu mlinzi peke yake.

Wabillahi taufiq.