SOMO LA AFYA: Mtu wa Zamu na Kilo Zisizoshuka

Lengo la somo: Tujue jinsi msongo wa kazi na kukosa usingizi vinavyomzuia mtu kupunguza uzito, na vile sisi tunaweza kumsaidia.

Ndugu wanakikundi, tunao watu wetu wanaofanya kazi za dharura: nesi wa kazualti, dereva wa ambulansi, askari wa zima moto. Kuna walioambiwa na daktari wapunguze uzito kwa sababu ya presha au sukari. Wanajaribu, kilo hazishuki, nasi tunasema, "Huyo anapenda kula tu." Maneno hayo hayasaidii, na mara nyingi si kweli.

Mwili hufanya nini?

Simu ya ajali ikilia, mwili hutoa homoni za kumpa mtu nguvu haraka. Moyo hupiga mbio, na sukari huongezeka katika damu. Hiyo ni kinga nzuri. Shida ni hali hiyo ikiendelea mwezi baada ya mwezi. Homoni iitwayo kortisoli ikikaa juu, mtu huweza kutamani vitu vitamu na vya mafuta, na mafuta hujilimbikiza tumboni.

Tena asiyelala vya kutosha huhisi njaa zaidi, hata kama amekula. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza habari za watu 10 wanene waliopunguziwa chakula. Kwa siku 14 walipewa saa 8 na nusu za kulala; kwa siku 14 nyingine, saa 5 na nusu. Mara zote mbili walipungua karibu kilo 3. Lakini walipolala vizuri, kilo 1.4 zilikuwa za mafuta. Walipolala kidogo, kilo 0.6 tu. Kumbe mizani inaweza kushuka, na mafuta yabaki!

Tufanye nini?

1. Tumwache alale. Akitoka zamu ya usiku, chumba kiwe na giza, redio izimwe, watoto wacheze mbali. Habari za karo na ng'ombe zingoje jioni.

2. Abebe chakula cha nyumbani: githeri, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji. Usiku wa manane, mara nyingi kinachopatikana nje ni chipsi, mandazi na soda.

3. Asijinyime chakula kabisa. Apunguze kidogo kidogo, na atembee kwa miguu dakika 30 siku nyingi za juma.

4. Apate wa kumsikiliza. Baada ya kuona ajali mbaya, wengine hunywa pombe ndio walale. Pombe huharibu usingizi na huongeza unene.

5. Apimwe presha na sukari hata kilo zisiposhuka. Akikoroma sana na kusinzia mchana, amwambie daktari; huenda pumzi hukatika akilala.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu, au watoto wetu, anafanya kazi ya zamu? Huwa tunamwambia nini juu ya mwili wake?

2. Akilala mchana, nani humwamsha, na kwa jambo gani?

3. Je, tunamtoza faini akikosa mkutano wa asubuhi baada ya zamu ya usiku? Tunaweza kubadilisha saa?