Msitu wa Umma Una Njia Yake

Wapo watu wasemao, "Msitu ni wa Serikali, mimi unanihusu nini?" Wengine husema, "Msitu ni wa umma, basi nipite nitakapo." Wote wawili wamekosea. Tujifunze kwa mfano wa msitu wa Amani.

Amani ni hifadhi katika milima ya Usambara Mashariki, Mkoa wa Tanga. Ilitangazwa mwaka 1997. Humo mna mbega, kima, hondohondo na vinyonga. Usambara pia ndiko kwenye asili ya ua dogo la zambarau ambalo siku hizi hupandwa katika vyungu nchi nyingi. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao.

Kuona wanyama

Kutembelea msitu si kazi ya wageni wa Ulaya peke yao. Hata sisi twaweza. Pita langoni, lipa kiingilio, chukua stakabadhi. Nenda asubuhi na mapema, tembea polepole, usipige kelele. Mbega hukaa juu mitini. Sikiliza kwanza matawi yakitikisika, ndipo utazame.

Kupiga kambi

Piga hema mahali palipotengwa tu. Usikate mti. Moto ukishaupikia, umwagie maji mpaka majivu yapoe kabisa. Takataka zako, rudi nazo.

Kupita na pikipiki

Hapa tuseme wazi: pikipiki ipite barabarani tu. Vijana wengine hupenda kukata njia ya mkato mteremkoni. Eti wanawahi! Lakini tairi huchimba mfuo. Mvua ikinyesha, maji hufuata mfuo ule. Mwaka huu ni mfuo, mwakani ni mfereji, baadaye ni korongo.

Na udongo ule huenda wapi? Huenda mtoni. Mto Zigi hutoka katika misitu hii, na maji yake huingia katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Maji ya bwawa hilo hunywewa jijini Tanga. Basi anayechimba mlima kwa tairi anatia tope katika ndoo ya mwenzake. Tena vijiji vya bondeni ndivyo vinavyolipata tope hilo kwanza.

Tufanye nini?

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu hata kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kama kijiji chenu kinao, pelekeni habari ya pikipiki katika mkutano wa kijiji. Elewaneni njia ipi itumike na ipi ifungwe. Njia iliyoharibika wekeni mawe na matawi kukingama maji, kisha iacheni iote majani.

Maswali

1. Kwa nini asubuhi ni wakati mzuri wa kuona wanyama?
2. Eleza jinsi mfuo wa tairi unavyogeuka korongo.
3. Maji ya kijiji chenu yanatoka wapi? Nani anapitisha pikipiki huko?