Kubadili Jina la Biashara ya Mafunzo: Hesabu Kwanza, Nembo Baadaye

Biashara ya kuuza mafunzo kwa njia ya intaneti imewavutia watu wengi wenye mitaji midogo. Mwalimu wa uhasibu, fundi wa kompyuta au mshonaji hodari anaweza kurekodi masomo yake mara moja na kuyauza kwa wanafunzi mia au elfu bila kukodi darasa. Baada ya mwaka mmoja au miwili mauzo yakidorora, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye biashara ni kubadili jina, nembo na rangi ili aonekane mkubwa. Kazi hiyo huhitaji fedha, na hapo ndipo ndugu, marafiki na wawekezaji wadogo wanapofuatwa.

Somo la wiki hii linahusu swali ambalo kila anayefuatwa anapaswa kuuliza kabla ya kufungua mkoba: je, jina jipya litaleta mapato, au litakula mtaji huku tatizo lenyewe likibaki palepale? Jibu halipatikani katika michoro ya nembo. Linapatikana katika daftari la wanafunzi wanaolipa.

JINA LA MTU LILILOUZWA KWA DOLA BILIONI 1.5

Mfano mzuri ni kampuni ya lynda.com ya jimbo la California, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1995 na Lynda Weinman, mwalimu na mwandishi wa vitabu vya usanifu wa tovuti, pamoja na mumewe Bruce Heavin. Jina lilikuwa la mwalimu mwenyewe, na mwanzoni tovuti ilikuwa mahali pa wanafunzi wake kupata maelezo na mifano. Fedha zilitokana na vitabu na madarasa ya ana kwa ana katika mji mdogo wa Ojai.

Mwaka 2001 hali iligeuka. Kampuni nyingi za intaneti zilikuwa zimeanguka, na baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka huo watu walipunguza safari. Madarasa ya Ojai yalikosa wanafunzi. Wenye biashara walipunguza wafanyakazi, na mwaka 2002 wakaanza kuuza masomo ya video kwa ada ya dola 25 kwa mwezi. Mwanafunzi aliyelipa ada hiyo aliruhusiwa kutazama masomo yote yaliyokuwamo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika shida hiyo jina halikuguswa. Kilichobadilika ni namna ya kuuza. Badala ya kutafuta mteja mpya kila wiki wa kulipia darasa moja, kampuni ilijenga kundi la watu wanaolipa kila mwezi, na kila somo jipya lililoongezwa liliwapa sababu ya kuendelea kulipa. Ukuaji ulikuwa wa polepole, lakini kampuni ilijitegemea. Ilipokea fedha za wawekezaji wa nje kwa mara ya kwanza Januari 2013, dola milioni 103, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 17. Mwaka huo huo iliinunua video2brain ya Graz, Austria, ili kupata masomo ya Kijerumani, Kifaransa na Kihispania.

Aprili 2015 kampuni ya LinkedIn ilitangaza kuinunua lynda.com kwa dola bilioni 1.5, sehemu ikilipwa kwa fedha taslimu na sehemu kwa hisa. Wanaodai kwamba biashara yenye jina la mwanzilishi haiwezi kukua wala kuuzika wanapaswa kuukumbuka mfano huu.

MNUNUZI ALIPOBADILI JINA

LinkedIn haikulifuta jina la zamani mara moja. Mwaka 2016 ilizindua huduma ya LinkedIn Learning yenye masomo yale yale, huku lynda.com ikiendelea kufanya kazi. Jina la zamani liliondolewa kabisa mwaka 2021, miaka sita baada ya ununuzi. Kampuni yenye fedha nyingi kiasi hicho iliona ni busara kwenda taratibu.

Hata hivyo ilijikwaa. Maktaba nyingi za umma Marekani zilikuwa zikilipia lynda.com ili wasomaji wao wajifunze bure kwa kutumia kadi ya maktaba. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba baada ya kuhamia jina jipya msomaji angelazimika kufungua ukurasa wake binafsi wa LinkedIn. Julai mwaka huo Chama cha Maktaba cha Marekani kilipinga hadharani, kikisema hatua hiyo inavunja usiri wa wasomaji. Baada ya malalamiko hayo LinkedIn iliahirisha mpango, kisha ikarekebisha utaratibu ili msomaji aweze kuingia kwa kadi ya maktaba bila kufungua ukurasa huo.

Wenye maktaba hawakuwa na ugomvi na nembo mpya. Walikasirishwa na sharti jipya lililofuatana na jina. Mfanyabiashara mdogo hufanya kosa la namna hiyo anapobadili jina, bei, namba ya malipo na namna ya kuingia darasani katika wiki moja. Mwanafunzi huona mlango umehamishwa bila taarifa, naye huenda kwingine.

JINA ZURI HALILIPI DENI

Mfano wa upande wa pili ni kampuni ya 2U, pia ya Marekani. Ilianza mwaka 2008 kwa jina la 2tor, ikivisaidia vyuo vikuu kuendesha shahada kwa njia ya intaneti na kuchukua sehemu ya ada. Jina hilo lilitamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya mwalimu wa masomo ya ziada, kazi ambayo kampuni haikuwa ikiifanya. Mwaka 2012 ikajiita 2U. Sababu ilikuwa halali, kwani jina la zamani lilieleza bidhaa isiyokuwapo.

Mwaka 2014 kampuni iliuza hisa kwa umma. Mwaka 2021 iliinunua edX, huduma iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Harvard na MIT, kwa dola milioni 800, na deni likawa zito. Julai 2024 iliomba kinga ya mahakama ya mufilisi, na kampuni ikaishia mikononi mwa waliokuwa wakiidai. Wenye hisa za kawaida walipoteza fedha zao. Jina lilikuwa limerekebishwa vizuri, lakini hesabu za deni hazikujali jina.

MFANO WA NAIROBI

Karibu zaidi na nyumbani ni Eneza Education ya Nairobi. Ilianza mwaka 2011 kwa jina la MPrep, ikituma maswali na masomo ya shule kwa ujumbe mfupi wa simu, na baadaye ikachukua jina la Eneza. Neno hilo halihitaji mkalimani kwa mzazi wa Kisumu wala wa Mombasa. Huduma yake kupitia Safaricom iliitwa Shupavu 291, na tarakimu hizo ndizo zilizokuwa namba ya kupiga, *291#. Mzazi aliyelikumbuka jina alikuwa tayari anajua mahali pa kuingilia.

Hapo jina lilifanya kazi kwa sababu lilifuatana na bidhaa inayomfaa mteja: simu ya kawaida, bila kompyuta, kwa malipo madogo ya muda mfupi yanayokatwa kwenye salio. Jina la Kiswahili peke yake, bila utaratibu huo wa malipo, lisingefika mbali.

HESABU YA MWENYE BIASHARA NDOGO

Ichukuliwe biashara ya kubuni ya Dar es Salaam inayofundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu. Ina wanafunzi 500, kila mmoja akilipa shilingi 20,000 kwa mwezi, hivyo mapato ni shilingi milioni 10. Kila mwezi wanafunzi 50, yaani asilimia 10, huacha kulipa, na wapya 60 hujiunga.

Kwa kiwango hicho mwanafunzi hukaa wastani wa miezi 10 na kuleta shilingi 200,000. Biashara inaonekana kukua, lakini ina dari. Itakapofikisha wanafunzi 600, watakaoacha watakuwa 60, sawa na wanaojiunga, na ukuaji utasimama. Mwenye biashara atasema soko limekuwa gumu na kuanza kutafuta jina jipya.

Tuseme jina jipya litagharimu shilingi milioni 4 kwa usajili, nembo, matangazo na kurekodi upya mwanzo wa kila somo. Tuseme pia kwamba katika vurugu ya kuhama wanafunzi 40 zaidi wanaondoka. Hao ni mapato ya shilingi milioni 8 yaliyopotea. Gharama kamili ni shilingi milioni 12, na ili kuzirudisha jina jipya lazima lilete wanafunzi 60 juu ya wale ambao wangekuja bila lenyewe. Hapo hata umeme, bando na mishahara havijahesabiwa.

Njia nyingine ni kuwapigia simu wanaoacha na kuwauliza sababu. Pengine masomo ni marefu mno na yanamaliza bando, au hakuna wa kusahihisha mazoezi. Marekebisho hayo yakipunguza wanaoacha kutoka asilimia 10 hadi 8, mwanafunzi atakaa wastani wa miezi 12 na nusu na kuleta shilingi 250,000. Dari nayo itapanda kutoka wanafunzi 600 hadi 750, ingawa wanaojiunga ni wale wale 60 kwa mwezi. Tofauti ya wanafunzi 150 ni shilingi milioni 3 kila mwezi.

WAKATI JINA LINAPOPASWA KUBADILIKA

Zipo sababu za haki. Ya kwanza ni jina kuwa finyu kuliko bidhaa, kama chuo kinachojiita cha ushonaji huku nusu ya mapato yake ikitokana na mapishi. Ya pili ni jina kugongana na alama iliyosajiliwa na mwingine. Ya tatu ni kuingia soko ambalo jina la zamani halitamkiki au lina maana mbaya. Mauzo kudorora, peke yake, si sababu.

Anayeamua kubadili na ashike utaratibu ufuatao:

1. Usajili uangaliwe kabla ya kuchapa chochote. Tanzania Bara, majina ya biashara na alama za biashara husajiliwa na BRELA, lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Cheti cha jina la biashara hakimpi mtu ulinzi wa alama. Alama za huduma za elimu na mafunzo huwekwa katika daraja la 41. Ulinzi wa kwanza Tanzania Bara ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, chini ya BPRA. Kenya, alama husajiliwa na KIPI.

2. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa simu libadilishwe siku ile ile ya uzinduzi. Mwanafunzi akiona jina asilolijua kabla ya kuweka namba ya siri, atadhani ni utapeli na kuacha.

3. Anwani ya zamani ya intaneti iendelee kulipiwa na kumpeleka mgeni kwenye mpya. Ikiachwa, mtu mwingine anaweza kuichukua na kuvuna wateja wa bure.

4. Vyeti vya zamani viendelee kutambuliwa. Mhitimu mwenye cheti cha jina la awali ana haki ya kuona mwajiri akipiga simu anapata jibu. Akikanwa, atawasimulia wengine.

5. Majina yote mawili yatumike pamoja kwa miezi kadhaa, na bei isiguswe katika kipindi hicho.

MASWALI YA MWEKEZAJI

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mradi wa namna hii hana haja ya kuwa mtaalamu wa matangazo. Aombe namba nne: wanafunzi wanaolipa mwezi huu, walioacha mwezi uliopita, waliojiunga, na gharama ya kumpata mwanafunzi mmoja mpya. Aombe namba hizo za miezi 12 mfululizo, kwa kuwa mwezi mmoja wa Januari unaweza kudanganya.

Asiyeweza kuzitoa hajui biashara yake inavuja wapi, na jina jipya halitamwonyesha. Anayezitoa, na akaeleza kwa ushahidi kwamba wanafunzi wanabaki lakini jina linawachanganya wapya, anastahili kusikilizwa. Hata huyo, fedha zitolewe kwa awamu: sehemu ya usajili na anwani kwanza, na sehemu ya matangazo baada ya miezi mitatu ya kuona kama wanafunzi wa zamani wamehama salama.

Kwa wanaofuatilia hisa, kipimo ni kile kile. Kampuni ya mafunzo inapotangaza jina jipya, msomaji wa hesabu zake atazame wateja wanaoendelea kulipa na deni linaloiva mwaka ujao kabla ya kutazama nembo.