Kitalu cha Chai: Udongo Upi Unafaa Vipandikizi?

Wakulima wengi hujaza vifuko vya kitalu udongo mweusi wenye rutuba, kisha vipandikizi vinaoza. Kipandikizi kisicho na mizizi hakihitaji mbolea bali hewa, unyevu na asidi.

• Udongo wa juu: una mboji nyingi na viini vya magonjwa. Kipandikizi huoza kwa urahisi.

• Udongo wenye jivu au chokaa: asidi hupungua. Kipandikizi huvimba sehemu ya chini bila kutoa mizizi.

• Mchanga mtupu: hupitisha hewa, lakini hukauka upesi.

• Udongo mwekundu wa chini: ndio unaofaa. Mkulima aondoe tabaka la juu, achimbe, achekeche, kisha apime; pH iwe kati ya 4.5 na 5.5.

Kipandikizi kiwe na jani moja na jicho lake. Baada ya kupandwa na kunyunyiziwa maji, kifunikwe kwa plastiki angavu chini ya kivuli. Mizizi ikishika, takriban miezi 3 baadaye, plastiki ifunuliwe kidogo kidogo.

Mkulima asijaze vifuko kabla ya udongo kupimwa. Afisa wa kilimo wa wadi atamwelekeza. Kosa la siku moja kitaluni hupoteza msimu mzima.