Kuuza Nyumba ili Kwenda Ng'ambo

Somo: Ruthu 1 na 4

Wapendwa, wako kati yetu wanaofikiri kuuza nyumba ili wapate nauli na ada ya wakala, wakafanye kazi Uarabuni. Kusafiri si dhambi. Elimeleki naye alihamia Moabu kwa sababu ya njaa. Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, mkataba wa kazi za nyumbani huko kwa kawaida ni miaka 2. Nyumba ikiuzwa haina mkataba wa kurudi. Afadhali kuipangisha.

Pili, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe, wala kupangishwa, bila ridhaa ya mke na mume.

Tatu, Naomi alirudi mjane, mikono mitupu. Lakini shamba la mumewe lilikuwapo, naye Boazi akalikomboa. Je, sisi tukirudi, tutafikia wapi?