MIPAKA YA MOFIMU: HISTORIA YA NENO AU UJUZI WA MSEMAJI?

Utangulizi

Mofimu ni kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana au dhima ya kisarufi. Katika neno la Kiingereza unhappiness, mathalani, mna mofimu tatu: un- inayokanusha, happy ambayo ni mzizi unaoweza kujisimamia, na -ness inayogeuza kivumishi kuwa nomino. Uchanganuzi wa aina hii haumtatizi mwanafunzi. Utata huzuka pale ambapo historia ya neno inaelekeza kwingine na ujuzi wa msemaji kwingine. Makala hii inashikilia kwamba, katika hali kama hiyo, mwenye kuamua mipaka ya mofimu ni msemaji.

Ushahidi kutoka Kiingereza

Kihistoria, hamburger lina sehemu mbili: Hamburg, jina la mji wa Ujerumani, na -er, kiambishi cha Kijerumani kinachoonyesha atokako mtu au kitu. Wasemaji wa Kiingereza hawakuuzingatia mpaka huo. Walilisikia ham, neno lao la paja la nguruwe, wakagawa ham na burger, ingawa chakula chenyewe kwa kawaida huandaliwa kwa nyama ya ng'ombe. Mgao huo ukazaa cheeseburger, na hatimaye burger likawa neno kamili.

Hali kadhalika, njegere ziliitwa pease, neno ambalo halikuwa la wingi. Sauti yake ya mwisho ilifanana na kiambishi cha wingi, wasemaji wakaidondosha, umoja mpya pea ukapatikana.

Ushahidi kutoka Kiswahili

Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo. Neno kitab la Kiarabu lina mzizi wa konsonanti k-t-b, na wingi wake ni kutub. Mswahili alipolipokea, alitambua ki- ya ngeli ya KI-VI, akasema vitabu. Keep left la Kiingereza likawa kipilefti, wingi vipilefti. Mudguard likawa madigadi. Ma- ikachukuliwa kuwa ya wingi, na umoja ukawa digadi.

Tukilinganisha pea na digadi, tunaona kanuni moja. Kiingereza hukata mwishoni kwa kuwa wingi wake hukaa mwishoni. Kiswahili hukata mwanzoni kwa kuwa viambishi vya ngeli hukaa mwanzoni. Kila lugha hukata neno geni kwa kisu cha sarufi yake.

Hitimisho

Wapo wanaodai kwamba kitabu halichanganuliki kwa kuwa ki- yake ni ya Kiarabu. Hoja hiyo ni ya etimolojia, wala si ya mofolojia ya Kiswahili. Kijitabu ni ushahidi tosha: -tabu ni mzizi kwa msemaji wa leo. Aidha, kuyaita maneno kama digadi makosa ni kusahau kwamba vitabu lilizaliwa kwa njia iyo hiyo. Ni vyema basi wahadhiri wanapotunga maswali ya uchanganuzi wabainishe wanachotaka: historia ya neno, au muundo wake katika lugha ya leo. Mwanafunzi asiadhibiwe kwa kujibu swali ambalo halikuulizwa waziwazi.